RAM Iliyovuka Ziwa Mweru Kwenye Gunia

Vijana wa kituo, nasikia ofisi kuu imewaahidi kompyuta mpya, na kwamba ile ya zamani, lile boksi jeusi lenye ubavu uliofungwa kwa waya, itapelekwa stoo kungoja mnada. Mimi nimeshastaafu, sina kura. Lakini mdomo bado ninao, na kalamu pia, kwa hiyo kabla hamjaitoa nje nitawaeleza jinsi ilivyofika hapo ilipo. Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Miaka yote nimeandika ripoti kwa Kiingereza na kusalimia kwa Kibemba, na watu wakaniambia Kiswahili ni cha kupangia bei ya samaki tu. Sawa. Hii nayo ina samaki ndani yake.

Nilivuka ziwa kutoka Kilwa, ile ya Congo, kuja huku Zambia nikiwa nimeolewa na mtu wa Kashikishi, nina cheti cha takwimu cha Lubumbashi ambacho hakuna aliyejua kukisoma. Kituo chetu cha malaria kiliniajiri kuingiza hesabu za mbu waliokamatwa kwenye mitego ya nyumbani. Siku ya kwanza nilikuta kompyuta moja tu, imewekwa juu ya meza kama mgeni rasmi, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Kilifumwa na karani wetu, Mama Chilufya, au Ba Chilufya kama heshima ya Kibemba inavyotaka, ambaye nyumbani kwake hata redio ina nguo yake. Kila siku jua likikaza kompyuta ilikuwa inajizima. Mmoja alisema ni virusi, mwingine akasema ni umeme wa Nchelenge, na mlinzi alikuwa na maelezo yake ambayo sitayarudia hapa.

Fundi wetu wakati huo alikuwa Ba Kapambwe, marehemu sasa, mtu wa maneno machache na miwani iliyoshikwa kwa plasta. Alinyanyua kitambaa, akaweka kiganja juu ya matundu ya hewa, akaniita na mimi niweke changu. Palikuwa pa moto kama bati la kukaangia. Akakikunja kitambaa vizuri, akamrudishia Ba Chilufya kwa mikono miwili, akamwambia kwa heshima zote kwamba mashine inataka kupumua. Ba Chilufya hakumsemesha kwa muda mrefu sana.

Ba Kapambwe ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mtu akija na kusema kompyuta yake iko polepole, anunue nini, yeye alikuwa hajibu. Aliiendesha ile kazi yenyewe inayolalamikiwa, akakaa na kuangalia mashine inangoja nini. Kisha alikuwa na jambo lake moja ambalo watu walicheka: kabla ya kuongeza kitu, alitoa. Akitoa kitu fulani na kazi isiumie, alijua hapo si pa kutia pesa. Akitoa kingine na kazi ikalia, alijua. Nimetumia njia hiyo maisha yangu yote, pamoja na jikoni kwangu, na bado sijaona kitabu kilichonipa bora.

Mashine mnayotaka kuitupa tuliipata baadaye sana, ikiwa imetumika tayari mahali pengine. Ilitengenezwa kwa kazi nzito, ina prosesa mbili za kuhesabu na nafasi nyingi za RAM, ile kumbukumbu inayoshika hesabu zikiwa zinaendelea, lakini ilikuja na RAM ya kuonja. Juu yake tukaweka programu ya Daktari Mwansa, mkuu wetu, inayogawa ufuo wote wa ziwa, kutoka Chienge hadi huku kwetu, kuwa miraba. Kila mraba una watu wake, mbu wake na maji yake, na watu wanatembea kutoka mraba hadi mraba, kwa sababu anayelala Kafutuma anakuja soko la Nchelenge, na anayeuza Nchelenge anaenda kulala kambini kwa wavuvi. Mwisho wa hesabu programu inatoa ramani: wapi malaria itapiga zaidi mvua zikianza. Ramani hiyo ndiyo inayowaonyesha wapuliziaji wa dawa nyumba za wapi waanze nazo. Nyumba ambazo haziko kwenye ramani zinangoja mwaka mwingine.

Ili hesabu hiyo ienee kwenye RAM ndogo, miraba ilipangwa mikubwa tangu mwanzo. Haikudhuru mtu wakati ule. Ndipo ikafunguliwa Mantapala, makazi ya wakimbizi, watu wetu wakavuka kutoka upande wa Congo na kupewa mashamba mahali palipokuwa msitu. Mdogo wangu Feza alikuwa mmoja wao, na watoto wake wote. Kila nilipokwenda kumwona, mtoto mmoja alikuwa amelala kwenye mkeka akitetemeka kwa palu, ndivyo wanavyoiita malaria.

Siku moja alinisindikiza hadi barabarani na akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya, weye unatumika na bale batu ba mbu. Niambie. Juu ya nini batu ba dawa banafika ku Kafutuma, siye banatupita? Mbu ya huku haiumaka batu?”

“Nitaangalia, Feza.”

“Utaangalia. Mutoto wangu wa mwisho iko na palu mara ingine. Angalia mbio.”

Niliangalia. Mantapala yote ilikuwa ndani ya mraba mmoja na msitu mkubwa usio na nyumba hata moja. Programu ilikuwa inachukua wagonjwa wa pale, inawatawanya juu ya miti yote ile, inapata wastani mdogo na kuupaka rangi ya kijani. Kijani maana yake ni salama. Nilikaa mbele ya kioo nikiangalia ule ukijani, na hasira ilinipanda hadi masikio yakawa ya moto. Watu wameng'oa visiki kwa mikono, wamejenga nyumba, wamezaa, na kwenye mashine yangu bado ni msitu.

Nilikwenda kwa Daktari Mwansa. Hakubisha, alielewa kabla sijamaliza, maana programu ni yake. Akasema dawa ni kupunguza miraba iwe midogo. Tukaijaribu. Mashine ilijaa RAM mara moja, ikaanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, kuvihamisha na kuvirudisha, taa ya diski haizimi, na kwa mwendo ule ramani ingetoka mvua zimeshakwisha. Kukata ziwa vipande na kuhesabu kimoja kimoja hakukufaa, kwa sababu tungewakata na watu wanaosafiri katikati. Kupeleka kazi mji mkuu tulikuwa tumejaribu mwaka uliotangulia. Majibu yalikuja wakati wapuliziaji wamesharudisha mabomba yao stoo.

Kwa bahati mwaka ule ofisi kuu ilikuwa na fedha kidogo kwa kila kituo, ya kununua kifaa kimoja cha kuongeza nguvu. Wakamtuma mtaalamu wao, Bwana Phiri, kijana msafi wa viatu na mkweli wa moyo, nalisema hilo mapema msije mkamchukia. Alikuja na kifaa akilini tayari: kadi ya michoro ya kuharakisha hesabu, kubwa kama tofali, yenye feni zake yenyewe. Vituo vingine vilikuwa vimeipata na vinaisifu.

“Hizi kadi zinafanya maajabu, Ba Numbi,” aliniambia.

“Kwa programu zilizoandikwa kwa ajili yake, ndiyo. Yetu haiijui. Nani ataiandika upya kabla ya mvua, wewe?”

Alicheka kidogo, halafu akaona mimi sicheki. Akasema kadi imeshaidhinishwa, tuipokee tu, programu itafuata. Daktari Mwansa akanivuta pembeni, kwa Kibemba cha upole kabisa, na “mukwai” yake ya heshima. “Mama, mukwai, tukiikataa fedha inarudi. Mwaka ujao hawatatukumbuka.”

Nikamwambia irudi. Nikasema kwa sauti ya kufika hadi kwa Ba Chilufya kwamba sitaweka saini yangu chini ya tofali wakati mdogo wangu anahesabiwa kama mti. Sikuwa nimewahi kusema na mkuu wangu hivyo, na sikujuta, na sijajuta hadi leo.

Kisha nikafanya alivyonifundisha Ba Kapambwe. Nilimwomba Bwana Phiri akae, nikamwendeshea kazi ndogo ya majaribio ambayo huwa inaisha kabla ya chakula cha mchana. Nikazima mashine, nikafungua ubavu, nikatoa nusu ya RAM, nikaiendesha tena. Siku ile haikuisha. Kesho yake nikairudisha RAM yote, nikazima nusu ya nguvu ya prosesa. Ikachelewa kidogo, chai yetu ilipoa, lakini kazi ikaisha. Nilimpeleka dirishani nikamwonyesha kina mama wanaoanika chisense kwenye mchanga, vile visamaki vidogo vinavyotupa harufu hadi ofisini.

“Uwanja wao ukijaa,” nikamwambia, “shehena inayobaki inaozea kwenye boti. Wewe unataka kuninunulia injini kubwa ya boti. Mimi nataka uwanja.”

Hakuwa mtu wa kiburi. Akasema hawezi kubadilisha idhini kwa mdomo wangu, lakini nikipata RAM ya kutosha miraba midogo kwa fedha ileile, ikiwa mezani na inafanya kazi kabla hajamaliza mzunguko wake wa vituo, atasaini yeye na atabishana yeye na wakubwa wake. Niliona hiyo ni ahadi ya mwanaume.

Sasa ugumu. RAM mpya ya mashine ile, kwa fedha ile, ingetufikisha nusu ya njia. Lakini nilijua jambo moja. Mashine yetu inakubali RAM ya seva, yaani ya kompyuta kubwa za kuhudumia nyingine, ambayo kompyuta za kawaida za ofisini haziikubali kabisa. Ukiitazama kwa macho ni dada mapacha, ukiichomeka kwenye kompyuta ya dukani haiwaki, inalia tu. Kwa hiyo upande wa Lubumbashi, ofisi kubwa zikibadilisha mashine zao, RAM hiyo inabaki kwa mafundi kama takataka. Nilimtumia ujumbe Mama Kyungu, anayevusha chumvi, sabuni na vitenge na kurudi na chisense, nikampigia picha ya kipande kimoja na maandishi yake yote, nikamwambia alete vyovyote vyenye maandishi hayo.

Alikuja na boti ya Kilwa, na RAM ikiwa ndani ya gunia, imefungwa kwa kitenge katikati ya magunia matupu yanayonuka samaki. Aliiweka mezani kwangu kwa uso wa huzuni, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani, ambamo kompyuta ni ordinateri.

“Yambo, mama. Ile bintu uliniomba, njo hii. Mais minakuambia kweli, juu weye ni ndugu: bale ba Lubumbashi banasema ni mbovu yote. Banajaribia mu ba ordinateri mingi, haiwake. Banaiuzisha na kilo, sawa vyuma.”

Ningeweza kunyamaza. Niliona kabisa jinsi ningeweza kunyamaza. Lakini mama huyu alinivushia mizigo ya harusi yangu bila kuniomba hata ngwee moja, senti ya huku.

“Haina mbovu, mama Kyungu. Hii inakataa mashini ya kadogo. Kwa hii yangu itawaka.”

Alininyooshea shingo. “Donc ni muzuri?”

“Ni muzuri sana.”

“Alors, bei inapanda.”

“Mama Kyungu! Miye minakuambia kweli, sasa unanipiga na kweli yangu mwenyewe?”

“Ungelinyamaza ungelipata bule,” alisema, na akakaa vizuri kwenye kiti. “Leka tusemezane.”

Tulisemezana hadi Ba Chilufya akatuletea chai na mihogo. Mwisho tulipatana hivi: bei inapanda kidogo tu, vipande vitakavyokataa anavipokea tena bila maneno, na mimi nitamfundisha kusoma maandishi ya RAM, ajue kipi ni takataka kweli na kipi mafundi wa Lubumbashi wanamtupia bila kujua. Alifundishika upesi kuliko wengi wenu. Sasa hivi anauzia vituo vingine, na kwangu bei haijashuka.

Vijana, RAM iliyotumika haichomekwi tu. Nilisafisha meno ya kila kipande kwa kifutio cha penseli, taratibu, maana mengine yalikuwa na magamba ya samaki yamekauka juu yake. Nilipanga vya ukubwa mmoja pamoja, kila prosesa ikapata sawa na mwenzake, kwa sababu ukipendelea moja mashine inakwenda kwa kuchechemea. Kisha nikaiachia ijichunguze RAM yake mwenyewe mwisho wote wa wiki. Vichache vilianguka mtihani, nikavifunga kumrudishia Mama Kyungu. Vilivyobaki vilijaza nafasi zote. Mashine ilipowaka na kuonyesha kiasi kilichomo, Daktari Mwansa aliinama mbele ya kioo kama anasoma jina lake kwenye matokeo ya shule.

Fedha iliyosalia, tukiitumia kwa mkopo hadi Bwana Phiri asaini, tuligombania. Mimi nilitaka betri mpya za akiba, kwa sababu zile za zamani mlinzi alikuwa anazikopesha kwa kaka yake kuwashia taa za kuvulia chisense, na umeme ukikatika mashine inaanguka papo hapo huku wavuvi wananeemeka. Daktari alitaka diski ndogo ya kasi, ili programu iandike humo ilipofikia kila baada ya muda. Niliona ni anasa. Alisisitiza, na tukabana tukapata vyote viwili, betri zikafungiwa kwenye kabati la chuma na ufunguo nikauvaa shingoni. Kuhusu diski alinishinda, kama mtakavyoona, na hilo nalisema mara moja tu.

Tukawasha kazi yenyewe: ziwa lote, miraba midogo. Orodha ya wapuliziaji ilikuwa inafungwa mwisho wa wiki ile, na Bwana Phiri alikuwa amerudi kutoka kituo chake cha mwisho kuja kuangalia kama anasaini au anafungasha. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, mchana jua limekaza, nilikuwa nje naongea na dereva, nikasikia feni zimenyamaza. Nilikimbia na viatu vyangu vya ofisini, na Bwana Phiri nyuma yangu.

Juu ya mashine kulikuwa na kitambaa cha kufuma. Kipya, cheupe, chenye maua ya buluu pembeni, kimenyooshwa kwa pasi. Ba Chilufya alisimama kando, mikono ameifumbata, uso umejaa fahari.

“Nimeivisha, mukwai,” alisema. “Imepata vitu vipya. Na leo upepo unaleta vumbi la samaki.”

Bwana Phiri alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu. Nilikikunja kile kitambaa vizuri, nikamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, nikamwambia mashine inamshukuru lakini inataka kupumua. Mama yule alikumbuka. Nilimwona akikumbuka, na machozi yakamjaa, nikamshika bega kwa sababu alikuwa amefanya kwa upendo na vumbi lenyewe ni la kweli.

Hapo ndipo diski ya Daktari ilipotuokoa. Mashine ilipopoa tuliiwasha, na programu ikaendelea kutoka pale ilipoandika mara ya mwisho badala ya kuanza upya. Kwa kitambaa kile nikapata wazo lililo halali: Ba Chilufya alifuma kingine chepesi, chenye matundu makubwa, nikakitundika dirishani, na tangu hapo magamba yanabaki huko. Ni kile mnachokiona hadi leo. Msikitoe.

Ramani ilitoka kabla orodha haijafungwa. Mantapala ilikuwa na miraba yake yenyewe, myekundu yote, na msitu pembeni umebaki kijani kama unavyostahili. Bwana Phiri alisaini amesimama. Daktari Mwansa alichukua ramani mwenyewe hadi kwa watu wa dawa, akakaa kwenye ofisi yao hadi jina likaandikwa.

Kwa hiyo ndugu zangu, mashine mpya ikifika, ipokeeni, semeni asante. Kisha muiulize swali moja tu kabla ya kuitoa hii ya zamani: ziwa lote linaenea ndani yake kwa miraba midogo? Ikienea, itoeni hii kwa amani. Isipoenea, na mtu mwenye viatu safi akawaambia mkuze miraba kidogo tu kwa muda, kataeni. Waambieni Ba Numbi amekataza. Wakisema Ba Numbi amestaafu, waambieni nyumba yangu inajulikana, waje wanibishie hapa barazani.

Siku wapuliziaji walipofika Mantapala sikwenda. Nilikuwa kazini. Feza alinipigia simu, na nyuma yake nilisikia kuku, watoto na mtu anayegonga sufuria.

“Yaya! Batu yako banaharibu siku yangu! Banatutosha inje siye bote, na kitanda, na bilauri, na unga! Supu yangu inapoa ku jua! Banasema tusiingie mpaka dawa ikauke!”

“Pole, Feza.”

“Pole nini! Na bale ba ku Kafutuma njo banatucheka. Banasema sasa munajua.”

Aliendelea kunigombeza hadi salio lake likaisha. Nilimpigia mimi, ili amalizie.